Maji Yanayorudi Kifuani: Tuelewe Kansa ya Utando wa Mapafu

Tunaandika kutoka Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu.

Mara nyingi tunaandika hapa juu ya maombi, ndoa, vijana na amani. Leo tunaandika juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatujausikia kwa jina. Ni wa nadra, lakini ulipofika katika parokia yetu ulikuta hatuko tayari, na kutojua kwetu kuliumiza watu.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita kufika Goma. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye zaidi ya miaka sabini, alianza kukosa pumzi akipanda kilima kuja ibadani. Kisha maumivu yakaja upande mmoja wa kifua, yale yasiyoacha mtu alalie upande huo. Kwenye kituo cha afya walipima makohozi mara mbili, hawakuona kifua kikuu. Hospitalini walikuta maji mengi kati ya pafu na mbavu, wakayatoa kwa sindano. Mzee akapumua vizuri, tukamshukuru Mungu mbele ya kanisa lote. Baada ya wiki tatu maji yalikuwa yamerudi. Wakamwanzishia dawa za kifua kikuu, kwa sababu hapa kwetu maji ya kifuani mara nyingi huletwa na ugonjwa huo. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Maji yalitolewa tena na tena, na mzee alizidi kukonda.

Ndipo maneno yakaanza. Mnajua wenyewe: ugonjwa ukikawia bila jina, watu huupatia jina. Wakasema ni karuho, mzee amelishwa sumu. Macho yakageukia shemeji yake, mjane aliyekuwa akimpikia. Sisi wachungaji hatukumtetea mapema. Tuliomba, tulifunga, lakini tuliwaacha watu waongee. Mama huyo aliacha kuja kanisani. Jibu la hospitali lilipofika, halikutaja sumu yoyote. Lilitaja kansa iitwayo mesotelioma. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha, na tunaandika makala hii kama sehemu ya toba hiyo.

Ugonjwa huu ni nini

Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na ndani ya mbavu kuna utando mwingine kama huo. Kati ya tando hizo mbili kuna maji kidogo sana, yanayosaidia pafu kuteleza tunapopumua. Mesotelioma ni kansa inayoanzia katika utando huo, si katika nyama ya pafu yenyewe. Utando huanza kuwa mnene, maji yanaongezeka, na pafu linabanwa kama mtu aliyefungwa mshipi kila siku kwa nguvu zaidi. Mara chache kansa hiyo huanzia katika utando wa tumbo.

Ni ya nadra kweli. Katika mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 2 duniani waligunduliwa kuwa na kansa ya mapafu ya kawaida. Waliogunduliwa na mesotelioma kwa mwaka ni kama 30,000 tu. Kwa hiyo asiwepo anayesoma hapa na kudhani kila kikohozi ni kansa. Hapa kwetu kikohozi cha wiki mbili ni sababu ya kupima kifua kikuu kwanza, na kifua kikuu kinapona.

Kinachosababisha mesotelioma, kwa sehemu kubwa, ni vumbi la asbesto. Asbesto ni jiwe linalochanika kuwa nyuzi ndogo sana, ndogo kuliko unywele. Haliungui na halishiki kutu, tena ni rahisi kulichanganya na saruji. Kwa hiyo katika karne iliyopita walitengeneza nalo mabomba, kuta na hasa manjanja yale mazito ya kijivu ambayo watu wetu huyaita eterniti. Yalipendwa kwa sababu mvua ikinyesha hayapigi kelele. Lakini mtu akiyakata kwa msumeno, akiyatoboa au kuyavunja, nyuzi huruka. Akizivuta, huingia mpaka chini ya pafu na kukaa huko. Mwili hauwezi kuziyeyusha.

Ajabu ya ugonjwa huu ni subira yake. Tangu mtu avute vumbi mpaka augue, hupita miaka 20, 30, hata 50. Mzee wetu alikuwa fundi katika ujana wake, miaka ya 1970. Alituambia jinsi walivyokata eterniti siku nzima na kurudi nyumbani nywele zikiwa nyeupe. Hakuna aliyewaonya. Na mkewe ndiye aliyekung'uta nguo zile jioni. Tunasema hivyo kwa sababu ugonjwa huu umewapata pia wanawake ambao hawakuwahi kupanda juu ya paa, ila walifua nguo za waume zao.

Ushahidi mkubwa ulitoka hapa hapa Afrika. Katika mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake wa Afrika ya Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Cape. Baadhi hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu waliokaa karibu na machimbo walipokuwa watoto. Tangu hapo nchi nyingi zimepiga marufuku asbesto: Ubelgiji, iliyotutawala, mwaka 1998, na Afrika ya Kusini mwaka 2008. Jirani zetu wa Rwanda wana mpango wa serikali wa kuondoa paa hizo na kuzifukia.

Jambo moja tulitofautishe. Ndugu zetu wanaochimba koltani Rubaya, au mawe ya bati upande wa Walikale, wanavuta vumbi lingine, la mawe yenye silika. Vumbi hilo huharibu mapafu, hufungulia mlango kifua kikuu, na linaweza kuleta kansa ya mapafu ya kawaida. Si chanzo cha mesotelioma, lakini ni la kuogopwa vilevile. Na sigara? Haileti mesotelioma. Lakini mtu aliyevuta asbesto kisha akavuta sigara anazidisha sana hatari ya kansa ya pafu lenyewe.

Kwa nini ni vigumu kuutambua

Dalili zake ni zile zile tunazozijua kwa magonjwa mengine: kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kikohozi kikavu, kukonda, uchovu. Kifua kikuu cha utando nacho huleta maji upande mmoja, homa ya jioni na kukonda. Hata maji yakitolewa na kupimwa, yanaweza kufanana. Tena kifua kikuu cha utando mara nyingi hakionekani katika makohozi, na hata mashine ya GeneXpert hukosa vijidudu ndani ya maji ya kifuani mara nyingi. Kwa hiyo daktari wa kijijini anayeanza dawa za kifua kikuu hajakosea. Anafuata njia yenye akili, kwa sababu wengi wa wagonjwa wake watapona kwa dawa hizo.

Kosa linakuja tukiacha kuuliza. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa vizuri huanza kupata nafuu katika wiki chache: homa inashuka, hamu ya kula inarudi, uzito unapanda. Kwa hiyo tunawaomba mashemasi na wamama wanaotembelea wagonjwa wakumbuke mambo manne. Mgonjwa akiwa na mojawapo, aende hospitali kubwa zaidi:

Kwanza, maji ya kifuani yanarudi upesi baada ya kutolewa, zaidi ya mara moja.

Pili, ametumia dawa za kifua kikuu kwa miezi miwili bila kuruka siku, na bado anakonda.

Tatu, maji yaliyotolewa yana rangi ya damu.

Nne, maumivu ya kifua hayampi usingizi, na zamani alifanya kazi ya ujenzi, ya kuvunja majengo, au ya kiwanda chenye vumbi.

Hilo la nne ndilo husahaulika. Daktari kijana hawezi kujua mzee alifanya kazi gani kabla yeye hajazaliwa. Ninyi mnaomsindikiza mwambieni.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi huenda ngazi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni kumsikiliza na kumpapasa mgonjwa. Ya pili ni picha ya radio ya kifua, inayoonyesha maji. Ya tatu ni ekografi, inayoonyesha maji yako wapi na kama utando umekuwa mnene. Kisha maji hutolewa kwa sindano na kupelekwa maabara. Skana, pale inapopatikana, huonyesha utando wote kuzunguka pafu na ni wapi kansa imefika.

Lakini hakuna picha wala maji yanayoweza kusema kwa hakika kwamba ni mesotelioma. Inahitajika nyama. Daktari huchukua kipande kidogo cha utando, ama kwa sindano nene akiongozwa na ekografi au skana, ama kwa kuingiza kamera ndogo kati ya mbavu. Kipande hicho husomwa chini ya darubini na mtaalamu, naye hutumia rangi maalumu zinazotenganisha mesotelioma na kansa nyingine iliyohamia kwenye utando kutoka kwenye pafu, titi au mahali pengine. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu dawa si zile zile. Mtaalamu husema pia ni aina gani. Aina inayopatikana zaidi huenda polepole kidogo na husikia dawa vizuri zaidi. Aina nyingine, yenye chembe ndefu kama nyuzi, ni kali. Na iko inayochanganya zote mbili.

Hapa tuna neno la kuwasaidia walio mbali. Nyama inaweza kusafiri bila mgonjwa. Kipande kikiwekwa mara moja katika formoli, si katika maji ya chumvi wala pombe, katika chupa iliyofungwa vizuri yenye jina na tarehe, kinaweza kukaa siku kadhaa njiani bila kuharibika. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na barabara zetu mnazijua. Kumbeba mgonjwa kwa tipoyi mpaka barabarani, kisha kwa pikipiki, kisha kwa boti, ni mateso. Kubeba chupa ni jambo jingine. Mwulizeni daktari kama kipande kinaweza kuchukuliwa karibu na kutumwa mbali.

Matibabu: tuseme ukweli

Tungependa kuandika kwamba ugonjwa huu unapona. Kwa wagonjwa karibu wote, mesotelioma haiponyeki. Matibabu yapo, na yana faida, lakini faida hiyo ni kurefusha maisha na kupunguza mateso.

Dawa za kansa zilizozoeleka ni mbili zinazotolewa pamoja kwa mshipa, sisplatini na pemetreksedi, pamoja na vitamini ya asidi ya foliki na B12 ili kupunguza madhara. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba nusu ya wagonjwa waliopata dawa hizo mbili waliishi zaidi ya miezi 12, wakati kwa sisplatini peke yake ilikuwa miezi 9. Miaka ya karibuni zimekuja dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, nivolumabu na ipilimumabu. Kwa hizo nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 18. Lakini bei yake iko mbali sana na mifuko yetu. Upasuaji mkubwa wa kuondoa utando ulitumainiwa miaka mingi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa hivyo hawakuishi zaidi ya wale waliopata dawa tu. Familia inayoambiwa iuze shamba kwa ajili ya upasuaji wa namna hiyo iulize mara mbili.

Mionzi inaweza kutuliza mahali panapouma. Katika ukanda wetu kuna hospitali zinazojulikana kwa kazi ya kansa: kituo cha Butaro kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa 2012, hospitali ya jeshi ya Kanombe mjini Kigali, iliyoanza mionzi 2019, na Taasisi ya Kansa ya Uganda pale Mulago, Kampala, iliyoanzishwa 1967. Kabla ya kwenda huko mtu awe na barua ya daktari na jibu la nyama mkononi. Wengi hutumia dola zao zote kwa safari na nyumba ya kupanga, kisha wanaambiwa waanze uchunguzi upya.

Kuna matibabu mengine yasiyo na sifa kubwa, lakini ndiyo yaliyomsaidia zaidi mzee wetu. La kwanza ni kuzuia maji yasirudi. Baada ya kutoa maji yote, daktari anaweza kuweka unga wa talki ndani ya kifua ili tando mbili zishikamane, maji yakose nafasi. Au huacha mrija mdogo, ili maji yatolewe nyumbani. La pili ni dawa ya maumivu, na hapa tunataka kuondoa hofu. Morfini ya kunywa si dawa ya kumwua mgonjwa, wala haimfanyi mzee kuwa mlevi. Ikipimwa vizuri, hutuliza maumivu na pia ile hali ya kuhangaikia pumzi. Hufunga tumbo, kwa hiyo huandamana na dawa ya kulainisha choo. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, imetengeneza morfini ya maji kwa bei ndogo na kuwafikishia wagonjwa nyumbani kwao. Si kila hospitali ya huku inayo. Lakini tusipouliza, hatutaipata.

Kanisa lisimame wapi

Watoto wa mzee walitaka kuuza ng'ombe wawili na shamba la maharagwe ili wampeleke nchi ya nje. Tuliketi nao pamoja na daktari. Tukawashauri waulize maswali matatu tu: Matibabu haya yataponya, au yatarefusha siku? Ni siku ngapi, na zitakuwa siku za namna gani? Nani atabaki na deni? Daktari alijibu kwa upole na kwa kweli. Kisha mzee mwenyewe, ambaye walikuwa wanamficha jina la ugonjwa, akasema, "Niulizeni na mimi." Alichagua kuwekewa unga ule wa talki, apewe dawa ya maumivu, na arudi nyumbani. Aliishi miezi saba. Katika miezi hiyo aligawa mashamba yake bila ugomvi, na alimwita shemeji yake mbele ya familia yote, akamshukuru kwa chakula chake.

Hatusemi kila mtu achague kama yeye. Kijana mwenye nguvu anaweza kuchagua dawa za kansa, na tutamchangia. Tunasema mgonjwa aambiwe ukweli na aulizwe. Kumficha mtu ugonjwa wake ni kumnyang'anya nafasi ya kutengeneza mambo yake na Mungu na watu.

Injili ya Marko inatusimulia juu ya mwanamke aliyetoka damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Yesu hakumkemea kwa kutafuta matibabu. Kwa hiyo maombi na hospitali si maadui. Marko anasimulia pia juu ya wale wanne waliombeba rafiki yao mpaka wakafungua paa. Mgonjwa wa namna hii anahitaji watu wanne kama hao: mmoja wa kumsindikiza, mmoja wa kutunza karatasi na majibu yake, mmoja wa kukusanya mchango, na mmoja wa kuketi naye usiku. Kila parokia inaweza kuwapata watu wanne.

Na juu ya karuho: tangu msiba ule tumekubaliana katika baraza letu kwamba hakuna mtu atakayetajwa kuwa mtoa sumu, si madhabahuni, si katika chumba cha maombi, si kwenye kilio. Atakayetaja ataitwa na wazee.

Paa zetu

Mwisho, neno kwa kamati za ujenzi. Majengo ya zamani, nyumba za misheni, shule na zahanati za wakati wa Wabelgiji zinaweza kuwa na eterniti. Paa zima lisilopasuka halina hatari kubwa. Msiliguse bila sababu. Msilisugue kwa brashi, msilikate kwa msumeno, watoto wasicheze na vipande vyake. Bomu likivunja paa, au mkirudi kutoka ukimbizini na kukuta limeanguka, msifagie likiwa kavu. Limwagieni maji kwanza, mfunike pua na mdomo kwa kinga nzuri mkiweza kuipata, mwokote vipande bila kuvivunja, mvifunge katika mifuko, mvifukie shimoni mbali na maji ya kunywa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisikung'utwe. Tena msitumie vipande hivyo kwa jiko au choo cha jirani, hata kama vinaonekana bado vizuri.

Mafundi wetu vijana ambao leo wanapanda juu ya paa watakuwa wazee wa kanisa miaka 40 ijayo. Tunaomba wafike huko wakipumua vizuri, wapande kilima kuja ibadani bila kusimama njiani. Bwana awabariki na awalinde.